Dawa ya Mti ni Silaha ya Mti

Miaka michache iliyopita, katika semina ya akina mama ya siku mbili, zamu ya kupika iliangukia kikundi chetu. Mkaa ulikuwa ghali, nasi tulikuwa tumejifunza karibuni kutumia kapu la kupikia, lile linalojazwa vitambaa na kufunikwa kwa mto ili chakula kiendelee kuiva kwa joto lake chenyewe. Tukaloweka maharage mekundu, tukayabandika hadi maji yalipoanza kutoa mvuke, tukaona yatosha, tukayatia kapuni yalale humo. Asubuhi tulipoyaonja yalikuwa laini. Tukakaanga vitunguu na nyanya pembeni, tukayamwagia rojo juu, tukayapakua pamoja na wali, na tukajipongeza kwa mkaa tuliouokoa.

Hazikupita saa mbili. Walioanza ni watoto, kisha mama zao: kutapika sana, tumbo kusokota, na baadaye kuharisha. Vyoo vya ukumbi vilikuwa viwili tu. Somo la alasiri halikufanyika.

Sasa, maharage yale yaliletwa na dada mmoja aliyekuwa mgeni kwetu, amehamia mtaani miezi michache tu kabla ya hapo. Alikuwa ameyabeba mwenyewe kutoka shambani kwao, zawadi yake kwa semina. Mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi yule tunamfahamu vizuri?" Mwingine akalitamka neno lenyewe: sumu. Mnajua, wapendwa wasomaji, jinsi neno hilo linavyotembea. Kabla ya jua kutua lilikuwa limemfikia mwenyewe.

Kati yetu alikuwepo muuguzi wa zahanati. Baada ya kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari alitugeukia sisi wapishi. "Dada zangu," akasema, "haya maharage mliyachemsha kwa muda gani?" Tukatazamana. Jioni ile ile karibu wote walikuwa wamepata nafuu, kama alivyokuwa ametuambia. Lakini siku ya pili yule dada hakuja.

Mtakumbuka habari za nabii Elisha kule Gilgali wakati wa njaa, katika 2 Wafalme sura ya 4. Mtu mmoja alikwenda kondeni kuchuma mboga, akakuta mtango mwitu, akajaza nguo yake, akaja akakatakata ndani ya chungu cha wana wa manabii. Walipoonja walipiga kelele kwamba chakula kile kina mauti. Aliyechuma hakuwa mchawi. Maandiko yanasema wazi kwamba hawakujua ni nini. Nasi hatukujua, ingawa tumepika maharage tangu utoto wetu. Baada ya siku ile tulianza kuuliza, kusoma, na kuwasumbua waliosomea mambo haya, na tulichokipata kinahusu mengi kuliko maharage. Kinahusu pia kitunguu saumu tunachowapa watoto wakiwa na mafua, papai, mlonge, na mafuta ya nyonyo yaliyo kwenye rafu ya bafuni.

Kiumbe kisichoweza kukimbia

Mbuzi akiona fisi hukimbia. Kuku hupiga kelele, huruka, hudonoa. Mmea umesimama pale pale ulipoota, na wanaotaka kuula ni wengi: viwavi, panzi, minyoo ya ardhini, ukungu, bakteria, hata sisi wenyewe. Kwa hiyo Muumba ameujalia njia nyingine za kujilinda. Miba tunaiona. Uchungu tunauonja. Lakini nyingi ya silaha zake hazionekani kwa macho, na baadhi ya zilizo kali kuliko zote ni protini.

Neno protini si geni kwetu. Kliniki ya watoto hutufundisha: nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, vyakula vya kujenga mwili. Hilo ni kweli. Lakini protini si kitu kimoja. Ni maelfu ya vitu vyenye kazi mbalimbali, na vyote vimetengenezwa kwa namna moja. Chukua uzi mrefu uliotungwa shanga, na shanga hizo ni za aina 20 tu. Hizo ndizo asidi amino. Mpangilio wa shanga ndio unaoamua jinsi uzi huo utakavyojikunja, na namna ulivyojikunja ndiyo inayoamua kazi yake.

Wanaofuma sweta wataelewa upesi. Uzi wa sufi ukiwa umeviringishwa tu haumkingi mtoto baridi. Ukifumwa kwa umbo fulani unakuwa soksi, kwa umbo jingine unakuwa kofia. Na sweta ikifumuliwa, uzi ni ule ule, hakuna kilichopotea, lakini si sweta tena. Ndivyo moto unavyoifanya protini. Ute wa yai ulio kama maji hugeuka mweupe na mgumu kikaangoni kwa sababu protini zake zimefumuliwa na kushikamana ovyo. Lishe yake imebaki. Umbo limekwisha, na kazi iliyotegemea umbo imekwisha pamoja nalo.

Maharage mekundu yana protini ya kundi liitwalo lektini. Kazi ya lektini ni kushika sukari, si ile ya chai, bali zile sukari ndogo ndogo zilizotanda juu ya seli za viumbe kama manyoya juu ya kitambaa. Mdudu anayetafuna harage bichi, lektini huung'ang'ania ukuta wa utumbo wake na kuuharibu. Utumbo wetu nao una sukari za namna hiyo. Harage bichi nne au tano tu zimetosha kumtapisha mtu mzima. Zikichemka kweli kweli, lektini hufumuka na haina nguvu tena. Zikipashwa moto bila kuchemka, kama tulivyofanya sisi, harage hulainika lakini lektini haifi, na imeonekana kwamba kwenye nyuzi kama 80 madhara yanaweza hata kuzidi yale ya harage bichi. Kumbe ulaini wa harage si ushahidi wa kitu chochote. Hilo lilitushangaza kuliko yote.

Zipo silaha za aina nyingine. Mwaka 1972 huko Marekani, Clarence Ryan na mwenzake Terry Green waliandika jambo la ajabu kuhusu nyanya na viazi. Mbawakawa alipotafuna jani moja, mmea mzima, hata majani ambayo hayajaguswa, ulianza kutengeneza protini ya kuzuia mmeng'enyo. Mdudu hula akashiba, lakini chakula hakimjengi. Jani lililojeruhiwa lilikuwa limepeleka habari kwa mengine, kama mama anayepiga yowe na mtaa mzima ukafunga milango.

Protini za jamii hiyo zimo kwa wingi katika soya, nazo huzikuta soya hata pasipo mdudu. Hapa tungependa akina mama wanaotengeneza unga wa lishe wasikie vizuri. Tangu mwaka 1917 wataalamu wa Marekani, Osborne na Mendel, walionyesha kwamba panya waliolishwa soya mbichi hawakukua vizuri, ila waliolishwa soya zilizopikwa walikua. Soya zinapaswa kuchemshwa au kukaangwa vema kabla hazijasagwa. Ukizisaga mbichi ukategemea dakika chache za kukoroga uji, unaweza kumnyima mtoto faida ya chakula kile kile ulichokinunua kwa ajili ya afya yake.

Iko pia jamii ya protini ndogo sana ziitwazo defensini, zenye asidi amino kama 45 hadi 54 tu, zinazopatikana katika mbegu za mimea mingi na hasa hupambana na ukungu. Hizo zimefungwa kwa vifungo vinne vya salfa, kama nguo iliyoshonwa mara mbili kila pindo. Maji ya moto hayazifumui kwa urahisi. Kwa hiyo kanuni ya moto si ya protini zote, na mtu asiseme kwamba kila kilichochemshwa kimekuwa salama.

Kwa nini basi ziwe dawa?

Katika mikutano yetu tumesikia mara nyingi kwamba dawa za miti shamba hazina madhara kwa sababu ni za asili, zimetoka kwa Mungu. Tunaamini kwamba zimetoka kwa Mungu. Lakini sentensi ile haikamiliki hapo. Mungu aliyetupa sisi mti aliupa mti nao uhai wake wa kuulinda, na kile tunachokiita dawa, mti ulikitengeneza kwa ajili ya adui zake. Hutuponya kwa sababu mara nyingine adui wa mti na adui wetu ni wa ukoo mmoja: ukungu, bakteria, minyoo. Na hutudhuru pale silaha isipobagua kati ya kiwavi na mtoto. Si kwamba mti mmoja ni mwema na mwingine mbaya. Ni kitu kile kile, na tofauti iko katika kiasi, sehemu ya mti iliyotumika, na jinsi ilivyoandaliwa.

Mfano mwepesi ni kitunguu saumu. Punje nzima ya saumu haina harufu kali. Ndani yake kuna kitu kiitwacho aliini katika chumba kimoja cha seli, na katika chumba kingine imefungiwa protini, kimeng'enya kiitwacho alinasi. Mdudu akiuma, au mama akitwanga, kuta zinavunjika, viwili vinakutana, na kwa nukta chache inatokea alisini, yenye harufu na yenye kuua vijidudu. Chester Cavallito wa Marekani ndiye aliyeitambua alisini mwaka 1944, na baada ya vita Arthur Stoll na mwenzake kule Uswisi wakaipata aliini yenyewe.

Jikoni maana yake ni hii: punje nzima ikitupwa kwenye mafuta ya moto, kimeng'enya hufa kabla hakijafanya kazi, na unabaki na ladha tu. Ukiitwanga ukaiacha kama dakika 10 kabla ya kuipika, kazi inakuwa imekwisha kufanyika. Ni kiungo kizuri. Lakini usiifunge saumu mbichi iliyotwangwa juu ya ngozi ya mtoto mchanga, kifuani wala nyayoni, hata bibi akikuhimiza kwa upendo. Imewaunguza watoto wengi.

Papai, kisu kinachotiririka

Kwangua ganda la papai bichi kwa ncha ya kisu, na utaona utomvu mweupe ukitoka kama maziwa. Wapishi wa zamani wanaujua. Nyama ya ng'ombe mzee ikifungwa katika majani ya papai hulainika, na ikisahauliwa humo muda mrefu huwa tope. Kinachofanya kazi ni papaini, kimeng'enya chenye asidi amino 212, ambacho umbo lake lilichorwa mwaka 1968 na kundi la Jan Drenth kule Uholanzi. Papaini ina pande mbili na ufa katikati, na ndani ya ufa huo protini nyingine huingizwa na kukatwa. Ni mkasi. Ndiyo maana viwanda vya vyakula na vya dawa vimenunua utomvu wa papai kwa miaka mingi, na Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa waliouza.

Lakini mpapai haukutengeneza mkasi kwa ajili ya sufuria zetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Japani, wakiongozwa na Kotaro Konno, waliwapa viwavi majani ya mpapai. Viwavi walikufa au hawakukua. Waliposafisha utomvu kwenye majani, au walipotia dawa ya kuizuia papaini isifanye kazi, viwavi wale wale walikula majani yale yale wakanenepa. Majani ya mtini mwitu mmoja nayo yalionyesha hivyo hivyo, kwa sababu utomvu wa mtini una kimeng'enya cha jamii hiyo kiitwacho fisini.

Hapa wengi watamkumbuka mfalme Hezekia, ambaye Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Hatutaki kuugeuza muujiza kuwa somo la kemia. Tunaona tu kwamba nabii hakudharau tiba ya shambani, na kwamba watu wa kale walijua kuweka matunda ya namna hii juu ya vidonda. Karibu nasi zaidi, jarida la madaktari wa majeraha ya moto liliandika mwaka 1999 juu ya hospitali moja nchini Gambia ambako watoto walioungua walifungwa vidonda kwa nyama ya papai iliyopondwa, ikibadilishwa kila siku. Papai lilisaidia kula ngozi iliyokufa na kuacha nyama hai, kwa gharama ndogo. Kumbukeni kwamba ilifanyika wodini, mikononi mwa waganga waliojua kidonda kipi kinafaa na mtoto yupi amepungukiwa maji. Mtoto akiungua nyumbani, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali.

Na minyoo? Bibi zetu waliwapa watoto utomvu wa papai, na hawakuota tu. Katika miaka ya 1990 majaribio kwa nguruwe na panya yalionyesha kwamba utomvu huo hupunguza minyoo tumboni, na tafiti za baadaye zikaonyesha jinsi gani: mkasi ule ule huikata ngozi ya nje ya mnyoo. Hata hivyo mkasi haujui ngozi ya mnyoo inaishia wapi. Utomvu mbichi huunguza midomo na koo, na wapo ambao miili yao huukataa kwa hatari, wakavimba na kushindwa kupumua. Vidonge vya minyoo vinavyotolewa zahanati vina kipimo kinachojulikana. Tone la utomvu halina. Tungechagua kidonge.

Mama mjamzito ale papai lililoiva, halina shida. Lile bichi lenye utomvu aliache. Kwa panya wa maabara utomvu umeonekana kuukaza mfuko wa uzazi.

Mlonge na maji ya mto

Mlonge siku hizi umesifiwa mpaka umechoka, na mengi yanayosemwa sokoni hatuyaungi mkono. Lakini mbegu zake zina habari ya kweli ambayo haitangazwi sana. Wanawake wa Sudan kandokando ya Mto Nili wamezitumia tangu zamani kusafisha maji yenye tope. Samia Al Azharia Jahn, mtaalamu aliyefanya kazi huko, aliichunguza desturi yao na kuiandikia katika miaka ya 1970 na 1980, na miaka ya mwanzo ya 1990 mbegu hizo zilijaribiwa katika mtambo wa maji kule Thyolo, Malawi.

Kinachosafisha ni protini ndogo za mbegu, nazo pia zimefungwa imara kwa vifungo vya salfa. Zina chaji chanya ya umeme, na chembe za tope na bakteria wengi zina chaji hasi. Zikikutana hushikana, zikawa nzito, zikazama. Baadhi ya protini hizo hushambulia pia ngozi ya bakteria na ukungu, kwani hiyo ndiyo kazi yake udongoni, kuilinda mbegu isioze kabla ya kuchipua.

Anayetaka kujaribu amenye mbegu zilizokauka vizuri mtini, azitwange ziwe unga, achanganye na maji safi kidogo, achuje kwa kitambaa, kisha atie katika ndoo. Kwa maji ya tope, mbegu moja hadi mbili kwa kila lita. Akoroge upesi dakika moja au mbili, halafu polepole kama dakika 10, aache yatulie saa nzima bila kuguswa, na kuyamimina ya juu kwa uangalifu. Yatakuwa meupe. Bakteria watakuwa wamepungua sana, lakini hawajaisha, na maji hayo yakikaa watazaliana tena. Kwa hiyo bado yachemshwe au yatiwe dawa ya maji kabla ya kunywewa. Faida ni kwamba maji yasiyo na tope huitikia dawa ya maji vizuri zaidi.

Nyonyo kwenye ua

Tumeiacha hii hadi sasa kwa sababu inatuhangaisha. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo au mbono, huota wenyewe jalalani, kando ya barabara, nyuma ya jiko. Majani yake ni kama kiganja kilichokunjuliwa, mbegu zake zina madoadoa mazuri kama kupe aliyeshiba. Watoto huziokota, hucheza bao nazo. Wako wafasiri wanaodhani kwamba mmea uliomfunika Yona kule Ninawi, ambao Biblia yetu huuita mtango, ulikuwa mbarika, kwa vile huota haraka na kutoa kivuli kipana.

Ndani ya mbegu kuna risini. Hermann Stillmark aliitambua mwaka 1888, akiwa mwanafunzi kule Dorpat, mji ambao sasa ni Tartu katika Estonia, na ndiyo iliyofungua elimu yote ya lektini. Risini ina vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa kifungo cha salfa. Kipande cha pili ni lektini, hushika sukari juu ya seli, nayo seli huifungulia mlango kama vile mwenye nyumba anavyomfungulia aliyebisha hodi kwa adabu. Kipande cha kwanza ndicho mwizi. Kikishaingia huenda kwenye ribosomu, vile viwanda vidogo ambamo seli hutengeneza protini zake, na kuviharibu kimoja baada ya kingine. Mjapani Yaeta Endo na mwenzake walionyesha mwaka 1987 mahali hasa kinapokata. Chembe moja ya kipande hicho huweza kuharibu ribosomu zaidi ya elfu moja kwa dakika. Seli isiyotengeneza protini hufa.

Mafuta ya nyonyo hayana risini, kwa kuwa protini hiyo haiyeyuki katika mafuta. Hubaki kwenye mashudu, na joto la kiwandani huiharibu. Ndiyo maana tunaweza kuyapaka kwenye nywele bila hofu. Kuyanywa ni jambo jingine: huharisha sana, na wajawazito wasiyatumie kujianzishia uchungu nyumbani. Mashudu yasiyopikwa yasipewe kuku wala mbuzi.

Mbegu iliyomezwa nzima mara nyingine hupita bila madhara kwa sababu ya ganda lake gumu. Iliyotafunwa ni hatari, na kwa mtoto mdogo chache tu zinaweza kuua. Kutapika na kuharisha huja baada ya saa kadhaa, kwa hiyo mama asidanganyike akimwona mtoto anaendelea kucheza. Hakuna dawa ya kuiondoa risini mwilini. Hospitali humsaidia mtoto kwa maji ya mishipani na uangalizi, na wengi wanaofikishwa mapema hupona. Usimtapishe kwa nguvu, usimpe maziwa ukasubiri. Nenda, na uchukue mbegu zilizobaki uwaonyeshe.

Ndugu yake ni turituri, ile mbegu nyekundu yenye jicho jeusi inayotungwa shanga na hata rozari. Ina abrini, ya umbo kama risini na kali zaidi. Mbono kaburi unaopandwa kuwa ua ni mti mwingine kabisa ingawa majina yanafanana, na mbegu zake nazo zimewaumiza watoto. Karela ina protini ya jamii hiyo hiyo isiyo na kile kipande kinachobisha hodi, kwa hiyo si kali hivyo. Lakini kwa panya wa maabara protini za mbegu zake zimeharibu mimba, na mama mjamzito asinywe maji ya karela kwa kuambiwa husafisha damu.

Madaktari nao wamejaribu tangu miaka ya 1980 kumkata mwizi yule wa risini na kumfunga kwenye kitu kinachobisha hodi kwa seli za saratani peke yake. Huenda siku moja mbegu ya jalalani ikaokoa maisha ya mtu. Kwa sasa tumeng'oa mibarika yote nyuma ya ukumbi wetu.

Maharage, mara ya pili

Tumejifunza hivi. Loweka saa tano au zaidi, mwaga maji ya kulowekea, tia mapya, na yachemke kwa kutokota, mapovu yakipanda, dakika 10 kamili kwa uchache. Sisi huacha nusu saa, kwa maana wengine wetu tunaishi nyanda za juu ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Baada ya hapo ndipo kapu. Mkaa bado unaokolewa.

Ilituchukua wiki mbili kwenda nyumbani kwa yule dada. Tulikwenda watatu, pamoja na muuguzi, na aliyelitamka lile neno alikuwa mmoja wetu. Alitukaribisha, akatutandikia mkeka, akanyamaza. Mwenzetu akaomba radhi akilia, akaeleza habari za mvuke na kapu na lektini, akichanganya maneno. Dada yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba mama mkwe wake, aliyekuwa jikoni wakati wote tulipokuwa tunaongea, alikuwa amemwonya siku ile kabla hajatoka kwamba aina ile ya maharage hutaka moto mwingi. Alikuwa amesahau kutuambia. Wiki mbili nzima alikuwa akijilaumu.

Tulikula kwake jioni ile. Yalikuwa ni maharage ya mfuko ule ule. Aliyaweka mbele yetu na wala hakuketi, akasubiri mtu aanze. Muuguzi akachukua kijiko, akamtazama mama mkwe mlangoni. "Mama, haya yamechemka?"

"Tangu saa nane, mwanangu," akajibu bibi. "Kula."